Lori Lililopanda Newala na Maji

Habari imenikuta nikinywa chai: dereva wangu wa Newala ametutoka, pale hospitali ya Mkomaindo, usingizini, bila kumsumbua mtu. Namwita wangu ingawa nilipanda gari lake mara moja tu, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Chai imepoa, nami bado nimeishika. Wajukuu zangu, ambao hupenda kutazama mashindano makubwa ya magari ya huko Ulaya, waliwahi kunieleza kwamba siku hizi kuna sheria ya kiasi cha oili ambacho injini inaruhusiwa kuunguza, kwa kuwa mafundi wajanja waligundua kuwa oili ikiungua huongeza nguvu. Walidhani wananipa jambo jipya. Nilicheka, maana sisi Masasi tulikuwa na sheria ya namna hiyo kabla baba zao hawajazaliwa.

Wenye maduka waliandaa mashindano ya malori kutoka Masasi hadi Newala, na lori litakaloshinda ndilo lingebeba korosho za msimu. Walikuwa wamechoshwa na malori yanayokunywa oili na kufia mlimani na mizigo ya watu. Kwa hiyo oili ilipimwa asubuhi kwa kijiti, na ingepimwa tena juu, Newala. Kuongeza njiani ilikuwa marufuku, na ikishuka chini ya alama umetolewa, hata ukifika wa kwanza. Kila lori lilipewa shahidi wa kukaa mbele na dereva. Mimi, mwalimu kijana wa misheni ya Lulindi, niliaminiwa kwa sababu ya ualimu wangu tu, kwani injini sikuijua kichwa wala miguu. Dereva wangu alikuwa ametoa injini kubwa kwenye vyuma chakavu vya ule mradi wa karanga wa Mwingereza uliokufa kule Nachingwea, akaifumua, akaibadilishia ringi za pistoni, akaipachika kwenye lori la tajiri wake. Ilikuwa na nguvu za ajabu, ila ilipenda oili. Tajiri alimwambia wazi kwamba akishinda ataendelea kuliendesha. Akishindwa, injini ya zamani itarudishwa na dereva mwingine atatafutwa.

Tulipoanza mlima, ukungu ulikuwa haujainuka. Mikorosho ilikuwa imechanua, harufu yake ikiingia dirishani, na injini ikivuma kwa sauti nene ya kubembeleza hata nikasinzia macho wazi. Wenzetu tulishawaacha mbali. Nakumbuka weupe mtupu mbele yetu, mikono yake juu ya usukani, na furaha usoni mwake ambayo sijaiona tena kwa mtu. Kisha ukungu ukafunguka, wakatokea kina mama wameketi kando ya barabara na madebe yao ya maji. Kwa asiyeijua Newala ya wakati ule, maji yalichotwa bondeni na kupandishwa kichwani, na lori lililopanda tupu halikuwapita wenye maji. Haikuandikwa popote.

"Shikamooni, mama zangu," alisema, akipunguza mwendo.

"Marahaba, mwanangu. Unapanda tupu?"

"Leo tunashindana, mama."

"Shindaneni tu, baba. Sisi tunataka maji yafike."

Alinitazama kwa jicho kali, utadhani mimi ndiye niliyeyaweka maji bondeni. Kisha akashuka kuwafungulia nyuma. "Pandeni," akawaambia, "ila msiniimbie, nina hasira."

Kwa mzigo ule injini ikaanza kulalamika, na moshi wa buluu ukatufuata. Penye kona akasimama, akavuta chupa ya oili aliyoificha chini ya kiti.

"Mwalimu, utasema?"

"Nitasema."

"Na umeona mwenyewe tumebeba nini?"

"Nitasema, kaka."

Akairudisha chupa mahali pake, wala hakuninunia. Tulifika wa kwanza. Kijiti kilipochomolewa kilikuwa kimelowa ncha tu, mbali chini ya alama. Mama mmoja, debe lake bado kichwani, akawauliza wapimaji: "Oili mmeipima. Na maji haya nani atayapima?" Walicheka kwa adabu, wakampa ushindi lori la pili. Haikupita muda injini ile ikashushwa, naye akarudi kwao Mnyambe kulima.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye, nikamuuliza kama alijuta. Nilitegemea maneno ya utu uzima. "Nilikuwa nalitaka lile lori, mwalimu," akasema. "Mpaka leo nalitaka." Iliniuma, na inaniuma ninapoandika. Sheria ile ilikuwa ya haki, na ningeulizwa tena ningesema vilevile. Lakini tangu hapo, shuleni na hata kanisani, kila nilipoletewa mtu aliyepungukiwa ili tumwondoe, nimejizoeza kumuuliza kwanza: njiani ulibeba nini, na kilikuwa cha nani?