Mchango wa Bendi na Kofia ya Mwalimu Mkuu

Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo nisingelifikia kama si jirani yetu mmoja, Mnyamwezi mkata mkonge. Waliotaka kunitoa ni wawili, nawataja bila haya: mwalimu mkuu wa shule yetu, upande wa Ngombezi, na karani aliyemkusanyia pesa. Majina siandiki. Watu wa rika langu pale Korogwe wanawajua.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alitoka Handeni kufuata kazi ya mkonge, akafia kambini kwa homa. Mama akauza vitumbua, akanilipia karo. Mwaka ule ikazuka michango juu ya karo: wa uji, na kuni tunabeba wenyewe, kisha wa bendi, ili Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, akija akute gwaride. Wasichana ngoma ya hiyo bendi hatukuruhusiwa hata kuigusa, ila kulipa tulipe.

Mama akaenda. "Bwana mwalimu, karo si nimemaliza?"

"Karo ni ya darasa, mama. Bendi ni kitu kingine."

"Na asiyepiga?"

"Atasikiliza. Masikio si anayo?"

Karani akacheka mpaka akashika tumbo. Nikaambiwa nisikanyage shuleni mpaka nilipe. Mama akaanza kunifungia nguo nirudi Handeni kwa bibi, nikalime. Nilijua nikishapelekwa huko, shule ndiyo basi tena. Nikalia.

Yule jirani akanisikia. "We mtumwa wangu, nani kakupiga?"

Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako atakutukana, atakuchukulia kitu chako mbele za watu, na ukikasirika aibu ni yako. Na mwalimu mkuu naye alikuwa Mzigua.

Kesho yake jirani hakwenda shambani. Alinishika mkono hadi shuleni, tukakuta watoto wamepanga mstari. Akamwendea mwalimu mkuu moja kwa moja, akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Mzigua! Unavaaje kofia mbele ya bwana wako? Babu yako tulimkuta porini anachimba mizizi, tukamhurumia. Kumbe tulikosea!"

Watoto wakaangua kicheko, walimu nao wakageukia ukutani.

"Rudisha kofia, Mnyamwezi. Kichwa hicho ni cha kubebea mizigo."

"Huyu mtoto akiingia darasani utaipata. Asipoingia, naenda nayo kukatia mkonge."

Karani akasema aitwe askari.

"Nimshtaki mtani?" mwalimu mkuu akamkaripia. "Unataka wanicheke mpaka Kabuku?" Akanipungia mkono. "Ingia, ingia! Niondoleeni balaa hili."

Nikaingia. Wenzangu waliendelea kulipishwa, wengine wakaacha shule kwa sababu hiyo, na wale wawili sijawasamehe mpaka leo. Lakini nikikaa nikaandika, kama hivi sasa, anayenijia kwanza moyoni si wao. Ni yule mtu, ambaye siku ile haikuandikwa kwenye kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, wala hakulipwa, na hakutuambia.

Jioni mama alimpelekea ugali na kuku, akapiga magoti kumshukuru.

"Asante ya Mzigua nitaipika na nini?" akasema, mkono umeshafika kwenye sahani. "Inuka bwana, chakula kinapoa. Na huyo mtoto akalale, kesho ana shule."