Njia ya waenda kwa miguu Lushoto ilivyotaka kunikosesha mke

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu mmebaki wawili. Wengine wote marahaba, hata ambao hamjaamkia.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mods wanipe ban na simu mjukuu aichukue.

Nimeona mnavyotoana macho kwenye ule uzi wa kupanua njia za waenda kwa miguu mjini. Mnaongea kama jambo jipya. Sisi Lushoto tulishajenga enzi za Ujamaa, na mimi niliishia mtaroni.

Iko hivi.

Siku za soko, pale mjini katikati palikuwa vurugu tupu. Basi la Mombo lilisimama mbele ya soko, na watu, mbuzi na matenga ya kabichi vyote viko barabarani. Dereva anapiga honi, mbuzi anamtazama tu.

Akaletwa bwana mmoja wa mipango kutoka Dar. Tulimwita Bwana Mipango. Akasema stendi isogezwe chini kidogo, na kutoka sokoni mpaka stendi ijengwe njia ya miguu peke yake, yenye uzio wa miti pande zote mbili ili mtu asichepuke kuingia barabarani.

Tukapiga msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kujitolea, tukaimba, tukamaliza. Njia ilipendeza jamani. Nyembamba, imenyooka, huku uzio na huku uzio.

Hakuna aliyewakumbuka wakwe.

Kwa wasiojua: kule kwetu enzi zile, ukikutana na mama mkwe njiani, unaacha njia. Unaingia kichakani, unampa mgongo, unamwamkia ukiwa umeangalia migomba, unasubiri apite. Na yeye hakuangalii.

Sasa mimi nilikuwa nimetuma wazee Vuga kumposa Hilda. Jibu lilikuwa litoke Jumapili baada ya ibada. Tatizo, baba yangu alitoka mbali kuja kufanya kazi shamba la chai, tukazaliwa kambini. Mama yake Hilda alishasema wazi, "Watoto wa kambini hawajui mkwe ni nani."

Nilimpenda Hilda mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Wiki ile nilikuwa na adabu hata mbele ya kuku.

Siku ya soko nikaingia kwenye njia mpya na tenga langu la kabichi kichwani, nawahi basi. Nyuma yangu foleni. Kufika katikati, naona abiria walioshuka wanakuja, na mbele yao kabisa ni mama yake Hilda.

Wakuu, nilitafuta kichaka. Uzio. Nikageuka nirudi, foleni imejaa mpaka sokoni.

Nikampa mgongo palepale. Naye akajifunika kanga usoni, akanipa mgongo. Njia ikaziba.

Bwana Mipango akapuliza filimbi. "Songeni, ndugu! Maendeleo hayasimami!"

"Kuna mkwe!" mtu akamjibu.

Neno likapita foleni nzima. Aaa, kuna mkwe. Hakuna aliyesukuma. Watu wakatua mizigo, wakaanza salamu zetu zile ndefu, za kuulizana mpaka hali ya ng'ombe. Kule stendi dereva, Msambaa mwenzao, akasikia, akazima injini.

"Huyo mkwe aondolewe!" akafoka Bwana Mipango. Watu walimtazama kama katukana kanisani.

Mimi jasho linanitoka. Nikiendelea kusimama namzuia mama wa watu, nikipita namgusa. Kwa vyovyote Hilda ameshaenda.

Nikapanda uzio, na tenga langu.

Mti wa kwanza ukavunjika, ukavuta wa pili, uzio wote wa upande ule ukalala mpaka sokoni. Kabichi zikashuka zenyewe stendi, mimi nikatua mtaroni, uso kwenye tope.

Nikasema humohumo kwenye tope, bila kuinua kichwa, "Shikamoo mama."

Halafu nikasikia, kwa sauti ya mtu anayeongea na mlima, "Marahaba. Mwambieni atoke huko, ataugua kifua."

Akapita.

Jumapili wazee wakarudi na jibu. Mama alikuwa amesema hivi: "Kavunja kazi ya serikali ili mimi nipite kwa heshima. Mpeni mtoto."

Bwana Mipango alinuna sana, ila uzio uliporudishwa aliacha mapengo kila baada ya hatua kadhaa. Sisi tuliyaita milango ya wakwe.

Funzo langu: wataalamu wa mipango miji, kabla hamjachora njia, waulizeni watembeao wanampisha nani.

Mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Miaka yote ile sikumtazama usoni sawasawa, lakini mgongo wake ningeutambua popote. Naukumbuka sana.

Hilda anasoma hapa begani, anadai nimedanganya, eti tenga lilikuwa la karoti. Mliokuwepo sokoni siku ile, njooni mniokoe.