Nilimwandikia Mejumaa homa asiyokuwa nayo

Wakuu wa daftari, asalaam aleikum.

Daftari letu la kuzungushana limenifika jana hapa Ukunda kwa mkono wa kondakta wa basi, limefungwa kamba ya mkonge. Nimesoma yote mliyoandika tangu lilipotoka kwangu. Ya Hamadi na wanafunzi wake nimecheka. Ya Salim sikucheka.

Salim, umeandika kwamba huko chuoni Kampala mnakosomea udaktari, kipindi cha magonjwa ya akili mnakiita kipindi cha kupumzisha macho. Ati anayetaka kuwa daktari wa wendawazimu ni yule aliyeogopa kushika kisu. Halafu ukamalizia, "Muulizeni mwenzetu dresa, yeye ndiye bingwa wa fani hiyo," ukanyamaza.

Basi nasema mimi. Ulikuwapo likizo hii, ukifuata raundi na koti lako jeupe. Nikikosea nisahihishe chini ya mwandiko wangu. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na lile baya nililolifanya mimi nitaliandika vilevile.

Jina la hospitali naliacha. Ni ndogo, ya huku kusini, wodi mbili, daktari mmoja Mzungu, na msaidizi wake mkuu Bwana Ezekiel, mtu wa bara, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa karani wa DC. Mkunga tunaye mmoja tu naye yuko kwa wazazi siku zote, kwa hivyo wodi zote mbili ni zetu sisi madresa. Mimi niko mwaka wa pili. Napima homa, naosha vidonda, nadunga sindano nikiagizwa.

Mejumaa aliletwa Jumatatu kutoka Galu. Amepakiwa baiskeli, shemeji yake anasukuma, mamake Bi Mwanamisi anamshika kiuno asianguke.

Kitoto chake kilikufa siku kumi na moja baada ya kuzaliwa. Tangu kizikwe hakunena neno. Hali chakula, halali usingizi. Ameshika leso iliyokunjwa, na ukitaka kuichukua hakuachii.

Bi Mwanamisi akasema, "Kwa mganga tumekwenda, ngoma imepigwa siku tatu, pepo hakutoka. Nikasema labda huyu ni wa hospitali."

"Mama, hapa hatuna ngoma," akasema Bwana Ezekiel, na foleni yote ikacheka. Nami nilicheka. Nasema kweli tupu hapa.

Daktari akampima. Damu safi. Kifua safi. Tumbo limerudi sawa. Akasema, "Hana kitu."

Sasa wakuu, wale msiojua mambo ya hospitali niwaeleze vizuri hapa. Kwetu kitanda ni cha mwenye homa au kidonda. Asiye na homa wala kidonda, na hasemi, na halali, huyo daktari humwandikia fomu ya wazimu. Akishaandikwa, huwekwa lokapu ya polisi mpaka apatikane askari wa kumpeleka hospitali ya wendawazimu Nairobi. Mwaka jana kulikuwa na bwana mmoja aliyengoja humo na wezi wa kuku mpaka mwezi ukaandama mara mbili.

Daktari akasema atampa Mejumaa siku moja. Kama hana homa, anaandika fomu.

Nikamfuata Salim barazani.

"Mtu asiyelala siku tisa si mgonjwa huyo?"

"Mgonjwa," akasema. "Lakini si wa kwetu."

"Wa nani basi?"

"Wa Mungu na polisi." Akacheka. "Usijitese, bwana. Kwenye mtihani wetu hayo ni swali moja, na unaruhusiwa kuliruka."

Nikarudi wodini.

Jumanne asubuhi nilimpima Mejumaa. Tisini na nane, joto la mtu asiye na homa. Nikaandika mia na mbili.

Sikukitia kipimo ndani ya chai wala sikukisugua, kama wanavyofanya wavivu wa skuli. Niliandika tu. Jioni nikaandika mia na moja, nikachora na ule mstari wa kupanda na kushuka, ukapendeza.

Fomu haikuandikwa. Kitandani akabaki. Siku nzima nilijiona mtu mwerevu. Nilimpelekea uji, nikampatia mamake mkeka wa kutandika kando ya kitanda, na kila nikipata nafasi nilikuja nikakaa hapo, sisemi kitu, ili aone kuna mtu.

Jumatano daktari akasoma chati. "Malaria hii." Akaagiza sindano ya kwinini, asubuhi na jioni.

Wakuu, mimi nimesoma mpaka sekondari. Nina cheti. Wala haikunijia kwamba ukiandika homa kwenye karatasi, kuna mtu ataitibu.

Na mdungaji ni mimi.

Mtaniuliza mbona sikudunga maji. Bwana Ezekiel ndiye anayevuta dawa chupani, na husimama pale pale mpaka sindano itoke. Kwinini ya paja inauma, aliyewahi kudungwa anajua. Inakaa humo kama jiwe.

Ya kwanza Mejumaa hakutikisika. Ya pili alivuta mguu. Ya tatu, Alhamisi asubuhi, alisema, "Mama."

Ndilo neno lake la kwanza. Bi Mwanamisi akalia, akanishika mkono akasema, "Sindano yako imemtoa pepo, baba." Nilitamani ardhi inimeze.

Pale pale nikaenda kwenye chati nikaishusha homa. Tisini na tisa. Nilitaka sindano zikome, na zilikoma. Jioni ile hakudungwa.

Lakini adhuhuri, baada ya sala, Mejumaa alinena tena. Akamwambia mamake, "Masikio yanalia. Yanalia kama nyenje."

Bi Mwanamisi kwa furaha mbio mpaka kwa Bwana Ezekiel. "Mwanangu anasema. Anasema masikio yanalia."

Bwana Ezekiel akatoa kalamu. Kwa ule mwandiko wake mzuri akaandika: anasikia sauti.

Mmeona nilipomfikisha? Kwa uongo wa kwanza nimemtia kwinini, na kila anayetiwa kwinini masikio yake hulia. Kwa uongo wa pili nimemwondolea homa. Sasa hana homa, na anasikia sauti. Hata mimi ningekuwa daktari ningeitia saini ile fomu.

Ijumaa, raundi. Daktari mbele na fomu mkononi, Bwana Ezekiel, Salim na koti lake, mimi nyuma na sinia ya dawa. Tukasimama mbele ya Mejumaa. Mamake ameshatandua mkeka, anadhani wanapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nikasema, "Bwana daktari, masikio yake yanalia kwa kwinini."

Akasema kwa Kiswahili chake, "Kwinini ni dawa ya homa. Yeye iko na homa."

"Hakuwa na homa. Niliandika mimi."

Bwana Ezekiel alinyoosha mkono akaniondolea sinia, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Kitanda cha pili alikuwapo Bi Fatuma, kizee mwenye malaria yake ya kweli, naye anadungwa kwinini tangu Jumapili. Nikamgeukia.

"Shikamoo bibi. Masikio yako vipi?"

"Marahaba. Yanalia, si nilikwambia juzi? Ukasema ni dawa."

"Bwana Ezekiel, na huyu mbona hakuandikwa wazimu?"

"Nyamaza," akasema Bwana Ezekiel.

Bi Fatuma akainuka kitandani. "Wazimu nani? Mimi? Nani amesema?"

Wodi nzima ikaanza kunong'ona. Daktari uso umekuwa mwekundu kama pilipili.

"Wewe iko danganya mimi. Sababu gani?"

"Kwa sababu bila homa hapati kitanda."

"Yeye hana kitu."

"Homa hana. Kitu anacho, bwana daktari."

Akamtazama Salim, kama mtu anayetaka mwenzake wa chuo amwambie huyu dresa anasema nini. Salim akatazama viatu vyake.

Daktari aliichana fomu. Msije mkasema alimhurumia. Aliichana kwa sababu neno lililokuwa limeishikilia, lile la kusikia sauti, limeanguka. Akasema hana homa, hana fomu, arudi kwao. Saa hiyo hiyo.

Wakampakia tena kwenye baiskeli, bila dawa, bila hata neno la kumwambia mamake afanye nini. Nimemwokoa na lokapu, hilo najua. Kumtibu hakuna aliyemtibu, nalo najua.

Mchana Salim alinikuta kisimani.

"Ulisema kweli ile ya masikio," akasema. "Tunaisoma mwanzo kabisa, kwenye somo la dawa."

"Mbona hukusema?"

"Yeye ndiye anayenitilia saini barua ya chuo."

Salim, sikuandika haya kukuaibisha. Umenichokoza mwenyewe, na jambo hili wewe unalijua kuliko mimi.

Jumamosi nikaitwa ofisini. Mezani karatasi mbili.

Ya kwanza ni barua ya kuomba radhi, Bwana Ezekiel ameshaipiga taipu kwa Kiingereza. Ina sentensi tatu. Kwamba nilisema uongo kwenye chati. Kwamba niliingilia mambo yaliyo juu ya cheo changu. Kwamba yule mgonjwa hakuwa na ugonjwa wowote.

Ya pili ilitoka Nairobi. Wanataka dresa wa kwenda kujifunza uuguzi wa wagonjwa wa akili. Imepita hospitali kadhaa na hakuna aliyejitokeza.

Daktari akasema, kwa Kiingereza safari hii, nichague. Nitie saini barua nibaki, au jina langu liandikwe kwenye ile nyingine.

Yaani eleweni vizuri, wakuu. Adhabu yenyewe ndiyo hiyo. Daktari akitaka kumkomesha mtu, humpeleka kwa wagonjwa.

Tulipotoka, Bwana Ezekiel alinishika bega. Sio mtu mbaya, na nasema hivi nikiwa na hasira naye bado.

"Kijana, tia saini. Huko hupelekwa watu walioharibu kazi. Ukirudi hakuna atakayekupa hata bandeji ukunje."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Unangoja nini?"

Sentensi ya kwanza ningetia saini nikiwa nimesimama. Ya pili ningekunja uso nikatia. Ile ya tatu kalamu haikwenda.

Jumapili nikashika njia ya Galu.

Mejumaa alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka, ile leso iko mapajani. Nikamwamkia mamake.

"Marahaba, baba. Umekuja na sindano?"

"Sina, mama."

Nikawaambia yote. Homa ya uongo, kwa nini niliiandika, na vile masikio yalivyolia. Bi Mwanamisi alisikiliza amejishika kidevu. Nilidhani atanifukuza. Angenifukuza, ningekwenda.

Mejumaa akasema, bila kuinua macho, "Zile sindano ziliniuma."

"Najua. Naomba radhi, dada. Nilikukosea."

Alisuka kitambo. Ukili ukatoka urefu wa shibiri.

"Sogea kivulini," akasema.

Basi. Hakusema zaidi siku ile, na mimi siandiki kwamba amepona, kwa sababu sijui. Mamake anasema sasa analala kidogo mchana, na anakula akiwekewa mkononi. Nilisogea kivulini, nikakaa mpaka alasiri.

Jumatatu nikairudisha barua bila saini. Bwana Ezekiel akauliza, "Huombi radhi?"

"Nimeshaomba. Niliyemkosea amesikia."

Akanitazama sana. Kisha akavuta ile karatasi ya Nairobi, akaandika jina langu, kwa mwandiko uleule.

Naondoka kesho kutwa. Mama yangu amewaambia majirani kwamba nakwenda kusomea meno.

"Mama, si meno."

"Nikiwaambia ni wendawazimu, wataniuliza ulianza lini."

Nimepita mwenyewe dukani, nikawaambia wote waliokuwa wamekaa pale nakwenda kusomea nini. Mmoja akauliza kama nitarudi na akili zangu. Nikamwambia nikirudi nitampima yeye kwanza.

Wakuu, funzo nililolipata ni hili. Chati si mahali pa kufanyia huruma. Uongo wangu ulipita kwenye karatasi ukaingia kwenye paja la mtu, na madresa wenzangu naomba mlishike hilo. Lakini yule anayesema mgonjwa hana kitu kwa sababu kipimo chake hakikuona kitu, naye anaandika uongo, tena wa kwake una muhuri. Mimi wangu nimeukiri mbele ya wodi nzima. Nangoja wa kwake.

Sasa ukurasa ni wenu. Hamadi, najua utaniambia nimejiharibia. Sema, nitasoma. Salim, wewe uanze. Na yeyote anayeona kwamba kazi ninayokwenda kujifunza si kazi ya mtu mwenye akili timamu, aandike hapa chini, aweke na jina lake.