Neno Refu la Maumivu ya Mama

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka duka la dawa kule Makiso na vidonge vya mgongo wangu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kiingereza, nami kwa ujinga nikavaa miwani. Mstari wa tatu nikalikuta neno lile, "discomfort". Nikaikunja karatasi. Vidonge sijavimeza hadi leo, acha mgongo uniume.

Wewe hukuujua mji huu ulipoitwa Stanleyville, basi nikueleze. Tulikaa chini kidogo ya maporomoko, na ngurumo ya maji hatukuisikia tena kwa kuizoea. Kilichoniamsha ni mchi wa mama akiponda lituma, ndizi za moto zenye harufu ya moshi wa samaki. Babu, baba yake mama, alipiga ngoma ya gogo, ile inayosema maneno hadi ng'ambo ya mto. Mama alikuwa na jina lake humo: binti wa kasia refu, asiyepita mlango wa mtu bila kuita. Nilimwuliza babu kwa nini hafupishi.

"Nikipiga fupi, inapotelea mu maji," alisema. "Mambo ya nguvu inaomba maneno murefu."

Nililiamini hilo kuliko mahubiri.

Shuleni, mwalimu wetu Mwingereza aliandika ubaoni maneno manne ya maumivu. Alisema ni ndugu lakini hayana uzito mmoja, na kesho angetueleza. Kesho yake sikwenda. Mama aliamka ameshika tumbo, na mchi haukulia.

Papa, baba yangu, alikuwa safarini melini. Mama hakuweza hata kukaa, sembuse kupanda mtumbwi. Daktari wa misheni, ng'ambo, alikuwa na mashua ya injini, ila alikuwa mgeni aliyejua Kiingereza tu, si lugha zetu hata moja. Bibi, mkewe babu, akanisukumia daftari.

"Andika mbio, mutoto yangu. Umwambie maumivu iko mingi, atume bateau."

Neno la kwanza ubaoni lilikuwa "pain", herufi nne tu. Niliona aibu kulituma, na mama analia vile. La mwisho, "discomfort", lilikuwa refu kuliko yote. Nikaliandika hilo kwa mwandiko wangu wa Jumapili, nikajisifu moyoni.

Mpiga kasia tuliyempa barua alirudi na vidonge viwili na jibu la daktari: aletwe Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi. Mama alikufa kesho yake, watu wakitoka kanisani.

Babu akapiga ngoma. Jina la mama likavuka mto lote, na ndipo mashua ikaja. Daktari alishuka ameshika karatasi yangu, pamoja na mwalimu wangu. Alimwonyesha mwalimu karatasi, wakaongea kidogo. Mwalimu akaniambia polepole kwamba neno lile huandikwa kwa usumbufu mdogo, kama wa kiatu kinachobana.

"Anasema nini?" bibi aliuliza.

"Anasema pole," nikajibu.

Bibi alikufa miaka mingi baadaye, bado akiwasimulia majirani jinsi mjukuu wake alivyojua kuandika. Ngoma ya babu ililiwa na mchwa. Hakuna tena anayeweza kulipiga jina la mama. Ninalo mimi peke yangu, na nikilitamka halivuki hata ua huu.