Machipukizi Saba Kivulini

Tuta la maua la Agata Numndi liliwafanya wapita njia wapunguze mwendo. Chini ya mivinje, kwenye mpaka wake na jirani yake mzee Kundil, alipanda tanget za kila rangi, majani marefu kama ya masale, yasiyopukutika mwaka mzima. Za waridi hufifia penye kivuli kizito, kwa hiyo aliziweka ukingoni. Za kijani zenye michirizi myeupe akazisogeza ndani. Wanawake wa kanisani walikuja kuomba vipandikizi, naye aliwapa huku akiwasahihisha namna ya kupanda.

Lakini katika Bonde la Wahgi, wanakoishi, tanget ndiyo mpaka wa shamba, na anayeihamisha ni mwizi. Miaka kumi na miwili iliyopita Kundil alidai kwamba mpaka umesogezwa. Mume wa Agata, Mwalimu Paulus, akamwita mwongo mbele ya ukoo mzima, na Kundil akatozwa nguruwe kwa kumvunjia mwalimu heshima. Sasa Paulus ni marehemu, na jina lake limeandikwa juu ya mlango wa shule.

Mwaka huu Agata alipunguza matawi ya mivinje ili tuta lipate mwanga. Wiki ya tatu yakachomoza machipukizi asiyoyapanda, mekundu ya kukolea, karibu meusi. Akayahesabu: saba, yamenyooka kama kamba, hatua tano ndani ya upande wake. Akafukua kwa vidole. Chini kulikuwa na visiki vya zamani, kila kimoja kimekatwa kwa pigo moja la panga, kikafukiwa. Mizizi ilikuwa hai. Tanget ukiikata shina haifi. Hilo aliwafundisha wanawake wenzake kila mwaka. Paulus hakuwahi kujali mambo ya maua.

Akakaa kwenye matope. Mkono wake ulikuwa umeshika chipukizi la kwanza. Kung'oa yote saba kungechukua muda wa kuchemsha viazi.

"Mama Mwalimu, umeanguka?" Kundil aliuliza kutoka upande wake.

"Mzee, vuka uje."

"Nivuke? Mara ya mwisho kunyoosha kidole tu huko kulinigharimu nguruwe."

"Njoo uone."

Alikuja, akatazama, akachuchumaa. Akavipapasa visiki kimoja kimoja.

"Hizi alipanda mama yangu," alisema hatimaye. "Nani mwingine ameziona?"

"Mimi na wewe."

"Ardhi nirudishie au usinirudishie, nimeshazeeka. Ila mimi niliitwa mwongo mbele ya watu."

Agata akaliachia lile chipukizi.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama uwanjani kwa gauni lake la msibani, mkononi kamba ya nguruwe wa kumrudishia Kundil. Shemeji yake alimvuta mkono, akamnong'oneza aketi, asiwaaibishe. Agata akautoa mkono wake, akalitaja jina la mumewe lote, wazi, kisha akasema jinsi marehemu alivyousogeza mpaka.