Risasi za Bastola ya Mzungu Wangu

Nilimwogesha yule mzee kwa miaka minne, kila Jumamosi na Jumapili, na alipokufa akaniachia bastola. Nyumba ilikwenda kwa mpwa wake, aliyekuja kutoka Uingereza akakaa siku tatu. Saa ya ukutani ilikwenda kwa jirani. Mwanasheria alipomaliza kuusoma wosia nilimwomba aurudie, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Mara ya pili pia nilipata bastola.

Alikuwa ameniahidi. "Mimi kumbuka wewe, boi," aliniambia nikimkausha miguu, kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi. "Iko kitu kwa wewe." Alikiokota kwetu Kenya wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, alipokuwa afisa wa polisi. Alijua ninatoka wilaya gani. Nami nilijua alifanya kazi wilaya gani. Katika nyumba ile ya Scarborough, huku ughaibuni, tulizungumza habari za supu.

Baba yangu alikuwa kizuizini miaka hiyo. Mama ndiye aliyetusimulia, baba hakusimulia kitu. Kila asubuhi afisa alifyatua risasi moja hewani, na watu wote wakachuchumaa, mikono kichwani, wahesabiwe. Hesabu isipolingana, walihesabiwa tena. Baba aliporudi nyumbani, mlango ukibamizwa na upepo alichuchumaa palepale alipo, mikono kichwani, uji umemwagika sakafuni. Sisi watoto tukaona ni mchezo. Tukawa tunaubamiza makusudi. Mimi ndiye niliyeubamiza kuliko wenzangu, kwa kuwa nilikuwa na mkono mzuri. Baba alikufa bila kutugombeza hata siku moja.

Sidai kwamba bastola ya mzee ndiyo ile. Ilikuwa ya miaka ile tu, ya Kiingereza, nzito, ya kukunjika katikati, yenye silinda ya matundu sita. Nilitaka kitu kimoja: kuisikia. Nisikie kilichomchuchumaza baba yangu, halafu niipeleke kituoni polisi wakaiyeyushe.

Karatasi za kuruhusiwa kuwa nayo zilichukua miezi. Zilipokwisha, ikabaki shida ya risasi.

Katika plaza moja isiyo mbali na kwangu, kati ya kinyozi na muuza sambusa, palikuwa na duka la Mhungaria mmoja, mzee mwenye lenzi iliyofungwa kwenye paji la uso. Nilimwekea mezani bastola pamoja na kiboksi kilichokuja nayo. Risasi za ndani zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Hizi ni za kuzika," akasema. Akaikunja bastola, akaikodolea macho kwa muda mrefu. "Nitakutengenezea kwa mkono. Baruti kidogo, ncha laini. Wiki tatu." Akataja bei.

Nyuma yake rafu ilikuwa imejaa pakiti za risasi za bastola za kawaida, kwa theluthi ya bei hiyo.

"Na zile haziingii?"

"Zinaingia. Usizitumie."

Hapo nikadhani nimemjua. Mtu akikwambia cha rahisi kinaingia lakini usikitumie, ana cha ghali cha kukuuzia. Nimenunua soko la Gikomba tangu sijaota ndevu, sifundishwi kumsoma muuzaji. Nikataja nusu. Akatikisa kichwa. Nikataja nusu na kidogo. Akaishusha lenzi yake kama mtu aliyechoka.

Basi nikafanya inavyofanywa. Nikakusanya vyangu, nikaaga, nikaondoka taratibu. Gikomba hufikishi hatua ya saba kabla hujasikia, "Rudi, kastama! Lete hiyo yako!" Nilihesabu saba, nikahesabu saba nyingine. Nikafika kituo cha basi. Basi la kwanza nililiacha lipite, nimpe nafasi. La pili nikapanda.

Juma lile lile nilinunua zile za rahisi kwenye duka jingine, pamoja na vipande vya chuma vya umbo la nusu mwezi vya kuzishikilia tatu tatu. Kijana wa pale hakuniuliza lolote zaidi ya karatasi. Jioni nikazijaribu nyumbani. Ziliingia zote sita, kama zimezaliwa humo.

"Kwa meza ya chakula, baba watoto?" mke wangu akasema. "Toa hiyo kitu hapo. Huyo mzungu alishindwa kukupa hata sufuria?"

"Zimeingia," nikamwambia.

"Hata nyoka huingia."

Siku niliyoruhusiwa kuipeleka kwenye ukumbi wa shabaha, msimamizi wa zamu alikuwa yule yule Mhungaria. Aliziangalia risasi zangu, akaziondoa mezani moja moja kabla hajanisalimu.

"Tazama," akasema, akanigeuzia silinda. Mgongo wake ulikuwa umesagwa, na tarakimu za kiwandani zimeliwa nusu. "Risasi zake za asili ziliadimika huku, kwa hiyo mzee wako akaikatisha hapa ikubali hizi zilizo tele. Imezikubali, lakini kuzihimili ni jambo jingine. Zina msukumo mkubwa kuliko ule ambao chuma hiki kilipimiwa. Labda itavumilia ya kwanza. Labda hata ya tano. Kisha silinda inapasuka mkononi. Wewe unafanya kazi gani?"

"Napakia mizigo ya ndege, uwanja wa Malton."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Basi."

Niliitazama mikono yangu yote miwili. "Mbona hukunieleza siku ile?"

"Nilikwambia usizitumie. Ukaanza kunitajia bei."

"Ungeniita!"

"Nimwite mtu anayeondoka? Nilidhani umekwenda kufikiri. Nilichelewa kufunga duka, nikijua utarudi."

Nilimlipa bei yake kamili. Tangu nifike nchi hii sijawahi, na iliniuma. Baada ya wiki tatu nikasimama tena mbele ya shabaha, risasi sita za mkono wake zikiwa ndani. Akanipa vifuniko vya masikio.

"Hivi sivitaki. Nimekuja kusikia."

"Bila hivyo hufyatui."

"Sikio moja, basi."

"Yote mawili."

"Risasi moja tu bila, tano navyo."

"Rafiki yangu," akasema, "hapa siyo dukani." Kana kwamba dukani alipunguza.

Nikavaa. Nikafyatua. Bastola ilisukuma kiganja changu kidogo, kama mtu anayeomba njia kanisani, na sauti ikawa ya kifuniko cha sufuria kuanguka chumba cha pili. Nikafyatua ya pili, nikidhani ya kwanza ilikuwa na kasoro. Nikazimaliza zote. Hakuna hata moja ambayo ingemfanya mtu ainamishe kichwa, sembuse kuchuchumaa.

Niliokota maganda. Sita. Nikahesabu tena. Sita.

"Umepata ulichotaka?" Mhungaria akauliza.

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Hiyo hamuuzi."

Alidhani nalalamikia bei. Akaniambia baruti zaidi ya hapo ingekuwa kuniua, nami nikajibu kwamba nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Risasi iliyo salama kwangu haikuwa na sauti aliyoisikia baba. Nikafunga kisanduku kwa kufuli, nikamrudishia vifuniko vyake, nikatoka mbele yake kwenda kwenye korido, masikio wazi.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wa chuma. Ukajibamiza nyuma yangu.

Nilijikuta nimeshika ukuta. Kishindo kilinipita mgongoni kikaenda mpaka mwisho wa korido, kikarudi.

"Samahani," Mhungaria akasema. "Uliniponyoka mkononi. Huo humshtua kila mtu mara ya kwanza."

Nilitaka kumwuliza, na mara ya mia? Niliurudia mlango, nikaufungua, nikaufunga taratibu kwa mikono yangu yote miwili.