Kibali cha Ukuta wa Nyuma

Nyumba aliyotuachia baba mjini Nakuru ilikuwa na vyumba sita, kuta za udongo na fito, paa la mabati. Mama na mimi tulikaa chumba cha mbele, vingine tukapangisha. Masika moja ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini. Bwana afya alipopita kukagua vyoo akauona, akabandika karatasi mlangoni: tujenge upya kwa mawe, ama nyumba ibomolewe.

Kujenga kulihitaji kibali. Fundi mmoja wa Kihindi alituchorea ramani, nikaipeleka mimi kwenye ofisi ya baraza la mji, maana mama alijua kusoma Kiarabu tu. Nilikuwa na miaka ishirini. Karani aliitazama ramani, akaniuliza, "Orodha ya wapangaji iko wapi?"

"Orodha ya nini, bwana?"

"Kila chumba, jina la anayelala humo, kabila lake na namba ya kipande chake cha utambulisho. Bila hiyo hakuna kibali."

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu, na kila mtu alijua orodha kama hiyo hufika wapi. Katika chumba cha mwisho alikaa mwanamke Mkikuyu, mshonaji, ambaye mumewe alikuwa kizuizini. Hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Wenzake wengi walikuwa wameshapakiwa kwenye malori kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, hata waliozaliwa huku huku.

Siku tatu karatasi ya orodha ilikaa mezani ikiwa na majina manne.

"Andika chumba cha mwisho ni stoo," mama alisema.

Niliogopa. Bwana afya alikuwa amemwona yule dada mara mbili akifua uani. Tukishikwa na uwongo, nyumba ingekwenda, na pengine sisi pia. Nilimwambia mama hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyonipasa. Kuta zetu zilikuwa nyembamba.

Kesho yake asubuhi yule dada alibisha hodi.

"Mama, andikeni stoo. Mimi ninaondoka leo."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi yangu, Njoro."

Alinitazama mimi alipojibu. Sote tulijua hana shangazi Njoro.

"Kaa, mwanangu, Mungu atajalia," mama alisema. Lakini alisema mara moja tu, na mimi sikusema hata hiyo mara moja.

Alifunga cherehani yake ndani ya blanketi, akaibeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, akatoka kwa mlango wa uani. Nilifagia chumba, nikajaza kuni na madebe matupu, kisha nikaandika stoo. Bwana afya alikuja, akachungulia, akaondoka. Wiki ya pili kibali kilitoka, na mafundi wakaanza kuchimba msingi.

Mafundi walikuwa wanamalizia kupiga lipu pale muuza mboga mmoja alipotuletea habari. Alikuwa amemwona mshonaji wetu ndani ya uzio karibu na stesheni, pamoja na wengine waliongoja kusafirishwa. Cherehani hakuwa nayo. Alikuwa ameomba maji. Bila shaka aliulizwa alikokuwa akilala, lakini hakuna askari aliyewahi kufika kwetu.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani. Mimi nilibaki barazani nikichambua mchele kwenye ungo, na nilipoumaliza nikauanza upya, ule ule.